ANA imesoma positivu, ndo lupasi tayari?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi mdada wa miaka 31 niko Morogoro. Tangu mwaka uanze vidole vinaniuma na kukakamaa asubuhi, nywele zinanyonyoka, uchovu ndo usiseme. Nimepimwa damu, majibu yameandikwa ANA positivu 1:160. Kwenye grupu la WhatsApp wananiambia hiyo ni lupasi na haina dawa. Kingine sijui kama kinahusu, mwaka juzi mimba iliharibika ikiwa na miezi minne, na kliniki walisema nina kaswende, mume wangu akapimwa hana, mpaka leo nyumbani hapajatulia. Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa mtoto. Hilo la mwisho linahusu tena sana, ntalifikia.

Tuanze na hicho cheti. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. ANA ni kingamwili zinazoshika kiini cha seli za mwili wako mwenyewe badala ya kushughulika na vijidudu. Hiyo 1:160 maana yake damu yako wameizimua mara 160 na bado hizo kingamwili zimeonekana ziking'aa kwenye darubini, kwaiyo namba ya pili ikiwa kubwa kingamwili ni nyingi. Lakini sikiliza, ukichukua watu 100 wazima kabisa wasioumwa chochote, kama 5 hivi watasoma positivu kwenye 1:160, na kwenye 1:40 wanafika karibu 30! Homa ya ini, TB, tezi ya shingo, umri mkubwa, vyote vinaweza kuipandisha, hata dawa kama isoniazidi ya TB na haidralazini ya presha, kama umewahi kuzimeza mwambie daktari wako. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walipokaa mwaka 2019 kupanga vigezo vya lupasi, ANA ya kuanzia 1:80 waliifanya mlango tu, yaani ukishaingia ndo unaanza kuhesabiwa pointi za viungo, ngozi, figo, damu na kingamwili nyingine mpaka zifike 10. Wewe umefika mlangoni. Hao wa kwenye grupu wamekuhukumu kwa karatasi moja, na mi jambo hili linaniumiza sana maana naona watu wanaacha kula na kulala kwa ajili ya namba ambayo peke yake haitoshi kusema kitu.

Sa hivi unachotakiwa kufanya. Cha kwanza kabisa pima mkojo, waangalie protini na damu. Ni kipimo cha bei ndogo na zahanati nyingi wanacho, alafu ndo kinachoniambia kama figo ziko hatarini, na figo haziumi zikianza kuharibika. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kurudia ANA na kupima mkojo nachagua mkojo bila kufikiria mara mbili. Ongeza kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na picha kamili ya damu. Baada ya hapo ndo zije anti-dsDNA na anti-Smith, kingamwili nyingine zinazopimwa kutafuta lupasi. Anti-Smith ikiwa positivu inaelekeza lupasi kwa nguvu sana ila wagonjwa wengi wa lupasi hawana, kwaiyo ikisoma negativu haijakusafisha. Na kwa vile ni vidole na ni asubuhi, waombe na anti-CCP, isije ikawa ni baridi yabisi.

Sasa ile kaswende. Kipimo cha VDRL au RPR hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe, kinatafuta kingamwili dhidi ya mafuta yanayoitwa kadiolipini, na wapo watu wenye lupasi au matatizo ya kinga ambao damu yao inazo hizo kingamwili bila kuwa na kaswende hata chembe. Sisemi ndo wewe moja kwa moja, ila mume hana, mimba imetoka miezi minne, na sasa ANA, hapana, hii si ya kuacha ipite. Omba TPHA, hiyo inatafuta kingamwili dhidi ya mdudu wa kaswende hasa. Omba pia vipimo vya kingamwili za fosfolipidi, kundi la mafuta ambamo hiyo kadiolipini imo, na vikisoma positivu virudiwe baada ya wiki 12 kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kwa muda. Zikithibitika, hizo zinagandisha damu na zinaharibu mimba, lakini kuna aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini, wanawake wengi wamebeba watoto wao salama kwa hizo. Usishike mimba nyingine kabla hujaonana na daktari bingwa, na siku ya majibu nenda na mumeo aelezwe na daktari mwenyewe, hilo lisibaki mzigo wako peke yako.

SWALI: Daktari, mamangu ana lupasi tangu 2021. Kila baada ya miezi mitatu anarudiwa ANA na kila mara positivu. Dawa hazifanyi kazi? Amechoka anataka kuacha. Kijana wa Mombasa.

JIBU: Kijana wangu, ANA ikishapanda huwa haishuki hata mgonjwa akiwa vizuri kabisa, kwaiyo hizo pesa za kuirudia mnazitupa. Kinachofuatiliwa ni anti-dsDNA kama yake ilikuwa juu, C3 na C4, protini za kinga kwenye damu, ambazo ugonjwa ukichachamaa kwa kawaida zinashuka, na mkojo kila akienda kliniki. Haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, asiache hata kama majirani wanamwambia hiyo ni dawa ya malaria, inapunguza ugonjwa kurudi na inalinda figo. Ila macho apimwe, mwanzoni mwa dawa na kila mwaka akishafika miaka mitano, na kama mama alianza dawa 2021 basi miaka mitano inatimia 2026.