Nilifeli simyuleta kwa sababu ya adabu

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji, mhandisi kijana anayetaka kuwa mwendeshaji wa kinu cha nyuklia, kama wengi wenu mnaonisoma hapa. Anauliza asome vitabu gani kabla ya usaili. Mdogo wangu, vitabu utavimaliza. Fizikia haijawahi kuniangusha hata siku moja. Kilichoniangusha ni malezi yangu, na bado kinaniuma, kwa hiyo nivumilie.

Miaka ya masomo nairuka, ni kukesha tu. Twende moja kwa moja kwenye mtihani wa simyuleta: chumba cha udhibiti kama chenyewe, ila nyuma ya ukuta hakuna kinu, kuna kompyuta. Tuko wanne. Msimamizi wetu wa zamu ana zaidi ya miaka ishirini kazini. Kengele zinalia. Kina cha maji kwenye tangi la presha kinapanda, naye anaamua maji yamezidi: punguzeni pampu za dharura.

Macho yangu yako kwenye geji ya pembeni. Kina kinapanda, lakini presha inashuka. Ukiona hivyo, shuku kwanza vali ya juu ya tangi: imekwama wazi, mvuke unatoroka, na maji ya kupoza kinu yanapungua huku geji ikikudanganya kwamba yamejaa. Nililijua hilo kama jina langu. Nikasema, "Samahani mkuu, labda tungetazama na presha?" Nililisema kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa mlangoni. Sijui kama hakusikia au alisikia akapuuza. Nikanyamaza.

Mwalimu akasimamisha mtihani. "Nani aliiona presha?" Nikanyoosha mkono haraka, nikidhani nimeokoka. Akaniambia, "Basi wewe ndiye uliyefeli kuliko wote. Wenzako hawakujua."

Tumekuzwa tukiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndani ya chumba kile, anayelisikia la mkuu bila kuuliza anaweza kuwahamisha watu makwao.

Usidhani ni sisi tu. Mtihani ule ulinakiliwa kutoka ajali ya kinu cha Three Mile Island, Marekani, Machi 28, 1979. Taa mezani ilionyesha kama vali imefungwa, kumbe taa ilisema tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Waendeshaji wakayabana maji ya dharura, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka. Hao ni Wamarekani, tunaowasifu kwa kusema waziwazi! Kumbe mtu anaweza kuwa na mdomo mwepesi na bado akaiamini taa.

Wajapani ndio waliojilaumu kwa sauti kubwa. Baada ya ajali ya Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia kilichopigwa na tetemeko na tsunami mwaka 2011, mwenyekiti wa tume ya bunge iliyoichunguza, Kiyoshi Kurokawa, aliandika mwaka 2012 kwamba ajali ile ilitengenezwa Japani, akataja utii wa mazoea na uzito wa kuhoji wakubwa. Maneno hayo yalikuwa kwenye toleo la Kiingereza. La Kijapani halikuwa nayo. Mimi simkubalii yote. Kinu cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lilelile, nchi ileile, malezi yaleyale, na kilinusurika, kwa sababu zamani mhandisi mmoja, Yanosuke Hirai, aling'ang'ania kijengwe juu, karibu mita 15 kutoka usawa wa bahari. Na Fukushima kwenyewe, mkuu wa kituo Masao Yoshida alipotakiwa na makao makuu asitishe kuingiza maji ya bahari, alitoa amri hiyo hadharani ili wasikie, baada ya kuwanong'oneza vijana wake waendelee. Alivunja amri kwa adabu zote. Nampenda mzee yule.

Kwa hiyo ushauri wangu: sema. Usitumie "labda", usitumie "tungetazama". Taja namba, taja kifaa, kisha subiri mwenzako ayarudie uliyoyasema, nawe uthibitishe. Asiporudia, hujasema, anza upya. Ushauri wa pili ni huohuo. Heshima ya kweli kwa mkubwa ni kutomwacha akosee mbele yako, na anayekufundisha kinyume chake, hata akiwa babu yako, kwenye kinu hana kiti. Fanya mazoezi nyumbani mbele ya kioo. Msinicheke, mimi nilifanya.

Mtihani wa marudio, msimamizi alikuwa yuleyule. Dakika ya kumi na moja nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe: "Presha inashuka, kina kinapanda, vali ya juu iko wazi. Usipunguze pampu." Kimya. Nikarudia. Akageuka, akanitazama, akayarudia neno kwa neno, akaamuru vali ya akiba ifungwe.

Tulifaulu wote wanne. Wawili walinipa mkono. Yeye alikunja makaratasi yake akatoka, na tangu siku ile tukikutana koridoni anatazama simu.