Bima ndogo hailipi gari lako

Kaka, unauliza kama bima ndogo (ile ya third party) italipia gari lako baada ya kumgonga mtu. Hapana, gari lako utatengeneza mwenyewe. Inamlipa yule uliyemgonga: matibabu yake, ulemavu, au familia yake akifariki. Bima kubwa (comprehensive) ndiyo ingegusa na bodi ya gari lako. Nalijua hili kwa sababu mimi ndiye niliyegongwa, nikiwa nyuma ya bodaboda pale Mwanga, Kigoma, na bima ya mwenye Noah ndiyo iliyolipia mguu wangu. Walizungusha miezi, lakini walilipa. Ila majeruhi wako apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na atunze kila risiti, hata ya panadol. Na hakiki stika yako ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, maana feki zipo.