Maswali yenu kuhusu kazi ya kusaka viumbe vamizi majini

Kwani siku nzima mnafanya nini, mnavua samaki tu?

Ingekuwa raha sana. Ukweli ni kwamba muda mwingi unatafuta kitu ambacho unaomba usikione. Chukulia kome wa milia, wale waliogunduliwa kwenye maziwa makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988 wakaenda kuziba mabomba ya maji. Mabuu wao huwaoni kwa macho, kwahiyo unavuta wavu wenye matundu madogo mno taratibu kando ya boti, kilichobaki kwenye kikombe cha chini unakimwagia spiriti, halafu labu. Kwenye maikroskopu unaweka vichujio viwili vya mwanga, na buu linang'aa likiwa na msalaba mweusi katikati, safi kabisa. Shida ni kwamba kuna vijidudu vingine vyenye magamba navyo vinang'aa hivyohivyo, sasa hapo ndo utajua nani ana jicho na nani anabahatisha.

Nisome nini?

Biolojia au ikolojia, na takwimu usiikimbie. Digrii ya kwanza inakuingiza fildi kama fundi wa sampuli, ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe jiandae kwa masters. Ajira zipo vyuoni, idara za uvuvi na maji, na kampuni za ushauri, ila nyingi ni mikataba ya msimu, hilo watu huwa hawaambiwi mapema.

Siku hizi si mnachota maji mnapima DNA basi? Kazi itabaki kweli?

Itabaki. Ni kweli mwaka 2008 watafiti Ufaransa walionesha unaweza kujua kama yule chura mkubwa wa Kimarekani yupo bwawani kwa kupima maji tu, na mbinu imesaidia mno. Lakini majibu ya DNA hayakwambii kama mnyama yuko hai au kafa, wala ni wangapi, na inaweza kuwa imeletwa na kinyesi cha ndege au boti iliyotoka kwingine. Mtu hawezi kufunga mto kwa chupa moja ya maji, lazima urudi na nyavu.

Huwa mnaua? Roho haikuumi?

Tunaua, ndio. Lamprei wa hayohayo maziwa makuu, samaki kama mkunga anayejibandika kwa mdomo na kunyonya damu ya wenzake, tangu 1958 mabuu wake wanauawa kwa dawa inayowekwa kwenye vijito, na wakiacha kuweka anarudi, yaani ni kazi isiyo na mwisho. Gugu maji la Ziwa Victoria lenyewe lililetewa wadudu wanaolitafuna, miaka ya tisini, na wadudu wa aina hiyo kabla hujawaachia lazima uhakikishe hawatahamia mimea mingine. Kwangu mimi kuua sio sehemu ngumu. Ngumu ni sangara: alipandikizwa ziwani humo miaka ya hamsini, samaki wadogo wa asili wakapukutika vibaya, huku yeye akigeuka biashara ya kusafirisha nje na ajira za watu kibao. Mwambie mvuvi wake kwamba huyo ni mvamizi uone utakavyojibiwa, na kiukweli ana hoja.

Kinachochosha zaidi ni nini?

Kuandika "hakupatikana" ripoti baada ya ripoti, alafu mwenye bajeti anauliza kwanini alipie kutafuta kisichokuwepo, wakati ukimkuta akiwa kashasambaa ziwa zima mara nyingi umeshachelewa. Na kuosha vifaa, manake mabuti na nyavu zako zinaweza kubeba mvamizi toka ziwa moja hadi jingine, kwahiyo unasugua, unakausha kabisa, hata kama umechoka na giza linaingia.

Siwezi kuogelea, nisahau?

Jifunze kuogelea, na boti bila jaketi la kuokolea usipande hata ukiwa bingwa. Ikishindikana kabisa nenda upande wa vinasaba au modeli za kompyuta, huko wanatafuta watu na unalala mkavu.