Ndege ikilia "Terrain" juu ya Songwe: ushauri kwa mafundi wapya wa avioniki

Rubani akishuka na kukwambia mfumo wa kuonya milima (TAWS) umelia "Terrain", yaani ardhi iko karibu, bila sababu, usikimbilie bisibisi. Mshike kabla hajaondoka kwenda mjini. "Shikamoo Kapteni, samahani, nina maswali machache tu." Ulikuwa wapi? Altimita (kipima kimo kwa shinikizo la hewa) ilisoma ngapi, na GPS ilisoma ngapi? QNH (shinikizo la hewa linalowekwa kwenye altimita ili isome kimo juu ya usawa wa bahari) uliweka ngapi? Taa ilikuwa ya njano au nyekundu, na sauti ilisema nini hasa? Ulikuwa umebonyeza redio unaongea? Swali hili la mwisho litamshangaza, lakini uliza hivyo hivyo, sababu yake nitaieleza huko mbele. Majibu hayo, ukiyapata yakiwa bado ya moto, yatakuokolea siku nzima ya kufungua paneli zisizo na hatia.

Kazi yenyewe ya kifaa ni hesabu ya vitu vitatu: ndege iko wapi, iko juu kiasi gani, na ardhi iliyo mbele ina kimo gani. Cha kwanza kinatoka GPS. Cha pili kinatoka GPS au kwenye altimita, kutegemea aina ya kifaa. Cha tatu kinatoka kwenye kanzidata iliyo kwenye kadi. Kikilia kwa uongo, kimojawapo kati ya hivyo kimedanganya, na kazi yako ni kujua ni kipi.

Ila anza na uwezekano ambao marubani hawapendi kuusikia, kwamba hakuna kilichodanganya. Kwa mifumo ya daraja la B, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye ndege ndogo zilizofungwa TAWS kamili, ndege ikiwa safarini usawa mmoja, mbali na kiwanja, mfumo unataka nafasi ya futi 700 juu ya ardhi iliyo mbele. Ikiwa inashuka, futi 500. Ikikaribia kiwanja, zinapungua: 350, halafu 150. Sasa mchukue rubani anayekata kona karibu na Rungwe, mlima wa takriban mita 2,960, siku nyeupe, anaona kila kichaka. Kwake yeye hakuna hatari. Kwa kifaa, futi 700 hazipo. Kimelia sawasawa na kilivyotengenezwa. Huyo usimbadilishie kifaa, mwoneshe jedwali kwenye mwongozo, kwa heshima.

Pili, angalia tarehe ya kanzidata kabla ya kugusa waya wowote. Songwe, kiwanja kipya cha Mbeya, ilianza kupokea ndege Desemba 2012. Kiwanja cha zamani cha Mbeya, kile cha mjini, kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Songwe iko karibu futi 4,400. Kadi ya zamani isiyoijua Songwe inaona nini? Inaona ndege inayoshuka kuelekea porini, tena zaidi ya futi elfu moja chini ya njia pekee ya kurukia inayoijua jirani. Lazima ipige kelele. Hali ni ile ile kwenye viwanja vidogo vya nyasi kule kwenye mashamba ya chai Mufindi: kama kiwanja hakimo kwenye kadi, kila kutua ni "Too low, terrain", yaani uko chini mno. Hapo rubani ana haki ya kubonyeza kitufe cha kunyamazisha, na kazi yako ni kuhakikisha taa inayoonesha kwamba mfumo umenyamazishwa inawaka, na kwamba anajua kuurudisha akishapaa.

Usichukulie hilo la kiwanja kutokuwemo kama jambo dogo. Tarehe 10 Aprili 2010 ndege ya Rais wa Poland ilianguka ikijaribu kutua Smolensk, Urusi, kwenye ukungu, watu 96 wakafa. Kiwanja kile hakikuwemo kwenye kanzidata ya mfumo wao wa kuonya. Mfumo ulionya, lakini walishuka hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye kimo, maana hapa ndipo kazi ya mikono ilipo. Kwanza soma mwongozo wa ufungaji ujue kifaa kinatumia kimo kipi. Ukiruka hatua hii utatafuta kosa kwenye altimita wakati kifaa hakiisikilizi kabisa.

Kama kinatumia kimo cha altimita chenye masahihisho ya QNH, hesabu ni rahisi. Kwenye vimo vyetu hektopaskali moja ni kama futi 30. Mnara ukikupa 1023 na rubani akaacha 1013, ndege inajiona iko futi 300 chini ya ilipo. Kwenye njia ya kutua hizo zinatosha kabisa kuamsha onyo. Hilo ni la rubani, si la waya.

La kwako ni hili. Ndege ikilala nje bila vifuniko, nyigu wa udongo wanapenda sana tundu la statiki, lile linaloipa altimita shinikizo la hewa ya nje. Piga tochi kwa pembeni, si moja kwa moja: tundu lililo safi lina ukingo mkali na giza ndani, lililozibwa linaonesha udongo mkavu wenye rangi ya hudhurungi isiyong'aa, wakati mwingine umeingia ndani kidogo hata kidole hakihisi kitu. Likiziba kabisa, ndege inapaa lakini altimita inabaki pale pale kwenye kimo cha uwanja, kasi ya kupanda inasoma sifuri, na spidi inasoma pungufu kadiri ndege inavyopanda. Rubani akikutajia dalili hizo tatu pamoja, umeshapata jibu. Na usipulize hewa ya kompresa kwenye tundu hilo mabomba yakiwa bado yameungwa kwenye vyombo. Utaua altimita na vyombo vyenzake kwa pumzi moja.

Kuvuja kwa bomba la statiki ndani ya kabini ni kisa kingine, na kinanitia hofu zaidi. Kwa ndege ndogo nyingi shinikizo la kabini angani huwa chini kidogo kuliko la nje, hivyo altimita inasoma juu kuliko ukweli. Mfumo unaoitegemea haulii kwa uongo, unakaa kimya kwa uongo. Hakuna rubani atakayekuja kulalamika kuhusu kimya. Kwa hiyo ukishafungua mfumo wa statiki kwa sababu yoyote, upime uvujaji, hata kama ulilegeza koneka moja tu.

Enkoda, yaani vifaa vinavyogeuza kimo kuwa ishara za umeme, za zamani zinazotuma kimo kwa waya nyingi sambamba nazo zina tabia yake: waya mmoja ukikatika, kimo hakipotei, kinaruka mamia ya futi kwenye vimo fulani na kurudi sawa kwenye vingine. Rubani akisema "inalia nikipita kimo hiki tu", angalia koneka ya enkoda.

Kwa vifaa vinavyotumia kimo cha GPS, mtuhumiwa ni antena na kila kilicho karibu nayo. Huku kwetu, hasa ndege zinazolala upande wa Tukuyu, mvua haina huruma. Vua antena, angalia sili, na tazama pini ya katikati ya koneka. Kijani kwenye pini ni kutu ya shaba, na maji yakiingia kwenye kebo hayatoki. Upimaji wote ufanyie nje. Ndani ya hanga la mabati ishara za setilaiti zinagonga na kurudi, na utapata kosa ambalo halipo au utalikosa lililopo.

Na sasa lile swali la redio. GPS inapokea kwenye megahezi 1575.42. Zidisha 121.175 kwa 13, unapata 1575.275. Zidisha 131.275 kwa 12, unapata 1575.3. Redio ya ndege ikirusha kwenye masafa hayo, mabaki yake, yaani mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye mizidisho ya masafa hayo, yanaweza kuangukia juu ya GPS na kuiziba. Basi fungua ukurasa wa setilaiti, omba ruhusa mnara, halafu rusha kwa zaidi ya nusu dakika kwenye 121.150, 121.175, 121.200, kisha 131.250, 131.275 na 131.300, ukitazama vimistari vya ishara. Vikianguka kila ukibonyeza na kurudi ukiachia, umempata. Kagua umbali kati ya antena ya redio na ya GPS, kisha antena ya ELT (redio ya dharura ya kutafutia ndege iliyoanguka), ambayo mara nyingine hurudisha mawimbi hayo, ndipo ufikirie kichujio.

Ramani yenyewe iache mwisho. Wapya wengi hupenda kuilaumu. Data nyingi za vimo zimetokana na rada ya chombo cha anga cha Marekani ya Februari 2000, na ni kweli rada ile ilisoma vilele vya miti, hivyo misitu ya misonobari ya Sao Hill imo kama ilivyokuwa wakati ule. Lakini msonobari hauleti tofauti ya futi 300. Kinachosumbua zaidi ni ukubwa wa vipande vya ramani: kipande cha sekunde 30 za tao kina upana wa karibu kilomita moja, na kwa kawaida hupewa kimo cha sehemu yake ya juu kabisa. Ukiruka kandokando ya ukuta wa Kitulo, juu ya Chimala, kipande cha ukingoni kinaweza kukuhesabia mlima ambao uko pembeni yako.

Ukimaliza, usiandike "imepimwa ardhini, iko sawa" kama hukupata kitu. Andika ulichopima na namba ulizopata, umpe mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) asaini. Kisha mwombe rubani, siku ya anga safi, apite kwanza juu ya tambarare ya Usangu kwa kimo mlichokubaliana, aandike altimita, GPS na QNH kwa pamoja, ndipo aelekee milimani. Ikilia tena, utakuwa na namba za kuanzia.