Swali la lugha: Twitter imekuwa X, je, kutwiti nako kufutwe?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Nairobi, mtaa wa Umoja. Mwanafunzi wangu aliandika kwenye insha: "Waziri alitwiti usiku wa manane, kulipokucha twiti yenyewe haikuwapo." Nikatia wino mwekundu kwenye "alitwiti" na "twiti". Akaja na daftari hadi mezani kwangu akidai hayo ni maneno ya Kiswahili. Katika chumba cha walimu tuligawanyika. Mmoja anashikilia "alichapisha kwenye X", mwingine "aliposti", na wa tatu anasema Twitter haipo tena, kwa hiyo neno limekufa. Na hiyo X tuitamkeje, tuipe upatanisho gani? Tuamue.

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi. Nianze na mwenzako wa tatu, maana ndiye aliyenichekesha. Mwambie aende duka lolote la mtaani hapo Umoja aagize Omo ya shilingi ishirini. Muuzaji atamuuliza, "Omo gani?" kisha amtajie sabuni tatu za unga, na huenda mbili kati ya hizo zimetengenezwa na washindani wa Omo. Neno likishaingia kinywani mwa watu, mwenye chapa hana tena amri juu yake.

Ni kweli kwamba kampuni yenyewe imelitupa tendo lake. Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 akamshusha ndege bangoni na kuipandisha herufi X. Hata vitufe vilibadilishwa maandishi. Lakini hayo ni mambo ya mwenye nyumba. Wapangaji wa Nairobi wanaendelea kujiita KOT, Wakenya wa Twitter, na sijasikia aliyefanikiwa kuwabadilisha jina.

Sasa sarufi, maana ndiyo mahakama ya kesi hii. Mimi hupima neno la mkopo kwa jambo moja: je, limekubali kunyambuliwa? "Twiti" limekubali bila kusukumwa. Mwanzo wake, tw-, tunao tangu zamani: twaa, twanga, tweka, hata twiga. Mwisho wake ulikuwa konsonanti, tukautilia irabu kama kawaida yetu. Na irabu hiyo ni -i, jambo ambalo lina maana kuliko linavyoonekana. Vitenzi vyetu vya asili huishia kwa -a, nayo hubadilika: nasoma, sisomi, nisome. Vitenzi vingi vya mkopo havitikisiki: nafikiri, sifikiri, nifikiri, najibu, sijibu, nijibu. "Twiti" limepiga foleni na hao wa pili: natwiti, sitwiti, nitwiti. Wiki iliyopita nikiwa kwenye matatu, nyuma yangu vijana wawili walikuwa wameinamia simu moja. Mmoja akasema, "Ukimtetea huyo, utatwitiwa mpaka ufunge akaunti." Utatwitiwa! Jibu, jibiwa, twiti, twitiwa. Kijana huyo hakukosea hata kiambishi kimoja, na sidhani kuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kauli ya kutendwa ya kitenzi hicho.

(Kando kidogo: laiti tungaliazima neno hilo kwa irabu nyingine, tungaligongana na "tweta", yaani kuhema kwa shida. Nikisoma baadhi ya yanayoandikwa mtandaoni saa sita za usiku, naona maneno hayo mawili ni ndugu.)

Kuhusu nomino, mimi huiweka katika ngeli ya I-ZI: twiti hii, twiti hizi. Utasikia pia "matwiti". Hapo kiambishi ma- kina kazi yake. Kinaleta wingi wa kero. "Twiti zake" ni alichoandika. "Matwiti yake" ni alichoandika pamoja na maoni yako kumhusu.

Tulilipokea tendo hilo mapema kuliko mtandao ulivyotupokea sisi. Ujumbe wa kwanza kabisa uliandikwa na Jack Dorsey tarehe 21 Machi 2006, na kikomo cha herufi 140 kilitokana na SMS: herufi 160, ukitoa 20 za jina la mwandishi. Kikomo hicho kilikuja kuongezwa hadi 280 mwaka 2017. Kwa Kiswahili hatukuteseka sana, kwa sababu "nitakapowaandikia" ni neno moja la herufi 17 lililobeba sentensi nzima. Lakini kwa miaka mingi ukiandika Kiswahili, mashine ilikuambia umeandika Kiindonesia. Mwaka 2018 watu walichoka wakalalamika chini ya #SwahiliIsNotIndonesian, na baadaye mwaka huohuo lugha yetu ikaanza kutambuliwa. Nadhani kosa hilo lilikuwa na asili yake: lugha zote mbili zimekopa Kiarabu. Sisi tunasema kitabu, dunia, wakati, habari; wao wana kitab, dunia, waktu, kabar. Kompyuta iliona sura ikadhani ni mtu yuleyule.

Sasa X. Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 lilipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, herufi X na Q hazikupewa kiti. C alikubaliwa kwa sharti kwamba aje na H. Kila X iliyobisha hodi baada ya hapo ilivuliwa viatu mlangoni: boksi, teksi, faksi, eksirei. Kwa hiyo kwenye maandishi acha X ilivyo, kwa kuwa ni jina la pekee, lakini kinywani itamke "eksi" na usione haya.

Upatanisho wake hautatizi ukitanguliza nomino: mtandao wa X umefungwa, ngeli ya U-I. Ukiitaja peke yake, itumie I-ZI: X imefungwa. Hapa Nairobi kuna hatari moja ya kipekee, kwamba "eksi" ni pia mpenzi wa zamani. Mtu akikuambia "eksi yangu imefungiwa", mpe pole ya akaunti. Akisema "eksi yangu amefungiwa", kaa chini usikilize hadithi. Kiambishi cha nafsi ndicho kinachotenganisha akaunti na polisi.

Jambo ambalo ningetia wino mwekundu ni hili la "nimeona kwa Twitter". "Kwa" ya namna hiyo ni ya kwenda kwa mtu: kwa Njoroge, kwa nyanya, kwa daktari. Sema kwenye Twitter, katika X. Wala usijaribu kubandika -ni, maana majina ya pekee hayaikubali, hatusemi Nairobini. Ila baada ya zile dola bilioni 44, atakayesema "nimeona kwa Musk" sitamkosoa.

"Kuchapisha" ni neno zuri lenye suti. Asili yake ni kitabu kupitia mitamboni, na kulivalisha kila mzaha wa saa tatu usiku naona ni kulidhulumu. Nalitumia kwa tangazo la wizara au taarifa ya kampuni. "Kuposti" ni sahihi pia, na linafaa mitandao yote, wakati "kutwiti" lina anwani yake. Lakini mbona hakuna aliyetaja "kuanika"? Watu wa mitaani walishalichagua: "amemwanika mtandaoni". Ni nguo kwenye kamba, kila mpita njia anaziona, zikiwemo zile ambazo ungependa kuzikausha ndani. Na kinyume chake tunacho tayari, "kuanua", kutoa nguo kambani mvua ikinyemelea. Waziri wa mwanafunzi wako alianika usiku, akaanua alfajiri. Tatizo la kamba hii ni kwamba jirani ameshapiga picha ya skrini.

Maneno mengine ya mtandao huu hayakuhitaji kukopwa kabisa. Alama ya #, ambayo Chris Messina alipendekeza itumike kukusanya mada Agosti 2007, tunaiita alama ya reli, na mji huu uliozaliwa na reli mwaka 1899 haupaswi kuona ugeni. Mada inayotajwa na wengi inavuma. Tafadhali tusiseme "inatrendi", maana kuvuma kumefanya kazi hii tangu enzi za methali: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Julai 2015, kituo cha CNN kilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Obama, #SomeoneTellCNN ilivuma mpaka mkubwa mmoja wa kituo hicho akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Na Juni 2024, wakati wa #RejectFinanceBill2024, kampeni ya kupinga Muswada wa Fedha, nambari za simu za wabunge zilisambazwa watu wakihimizana "kuwasalimia". Salamu zenyewe hazikuwa za shikamoo. Kitenzi cha adabu kiligeuzwa silaha bila kubadilishwa hata herufi, na hilo linanivutia kuliko neno lolote la mkopo.

Moja tu linanipa kigugumizi. Nyota ya kuhifadhi ujumbe ilipogeuzwa moyo mwaka 2015, Wakenya tukakataa kusema "nimependa" tukasema "nimelaiki". Nadhani tulikuwa na sababu. Kupenda tangazo la tanzia kunatisha. Walakini "kulaiki" limo kwenye kamusi tangu zamani, kwa maana ya kufaa, kustahiki. Mzee wa Lamu anaposema jambo fulani halilaiki, hazungumzii kitufe. Tutaishi na yote mawili, kama tunavyoishi na kaa la moto na kaa wa pwani.

Turudi kwenye daftari, Mwalimu. Kama mtoto angeandika "ali-tweet", wino wako ungekuwa na haki. Kama swali lilikuwa la barua rasmi au ripoti, ungemshauri "aliandika kwenye mtandao wa X" bila kumkata. Lakini ni insha, ametumia tahajia ya Kiswahili, akaipatanisha twiti na "yenyewe haikuwapo" pasipo kuteleza. Mrudishie alama zake mbili.