Kabla ya Kubadili Beringi, Tazama Chini ya Mashine

Kijana unayeanza kazi ya matengenezo katika viwanda vyetu vya Moshi na Arusha, jambo la kwanza ninalotaka ulizoee ni kuinama na kutazama mashine imekaa juu ya nini, kwa sababu mtetemo unaoupima kwenye beringi ni wa mashine, fremu, zege na udongo, vyote vikitikisika pamoja.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama katika kiwanda kimoja cha nafaka mjini Moshi, ambako feni kubwa ilikuwa ikimaliza beringi kila baada ya miezi michache. Tulibadili beringi mara tatu, tukasawazisha panga za feni, tukalinganisha upya shafti yake na ya mota, na kila mara mtetemo ulipungua kwa siku chache kisha ukarudi palepale. Ndipo fundi mmoja mzee alipochukua chupa ya maji na, huku mashine ikizunguka, akamimina kidogo kidogo pale kitako cha chuma kinapokutana na zege, mbali na nyaya na kapilingi inayounganisha shafti mbili, akaniambia, “Mwanangu, tazama hapa.” Kwenye pembe tatu maji yalitulia, lakini kwenye ya nne yalikuwa yakinyonywa ndani na kutemwa nje yakiwa na mapovu. Tulipofungua, tulikuta saruji iliyojazwa chini ya pembe ile imelowa mafuta yaliyovuja kwa miaka mingi na kumomonyoka, kwa hiyo bolti tuliyokuwa tukiikaza kila wiki ilikuwa ikivuta chuma juu ya uwazi mtupu.

Rota yoyote, yaani sehemu ya mashine inayozunguka, ina uzito usiolingana, hata kama ni mdogo, na nguvu inayotokana nao huongezeka kwa mraba wa kasi. Msingi imara huizuia nguvu hiyo isizae mwendo mkubwa, ilhali msingi uliolegea huiachia, na ndiyo maana feni iliyosawazishwa vizuri inaweza kutetema kuliko nyingine iliyosawazishwa ovyo lakini imeshikwa barabara.

Kuna hatari nyingine ambayo kukaza bolti hakuiondoi. Kila fremu ina mtetemo wake wa asili, yaani idadi ya mara inazotikisika yenyewe kwa sekunde ikigongwa, na mota inayozunguka mara 1,480 kwa dakika huisukuma karibu mara 25 kwa sekunde. Mtetemo wa asili ukiwa karibu na hapo, msukumo mdogo hukua mno. Mafundi wengi hutaka tofauti isiyopungua asilimia 20 kati ya viwili hivyo. Kumbuka kwamba kuongeza ugumu wa fremu hupandisha mtetemo wa asili na kuongeza uzito huushusha, hivyo anayechomelea vyuma bila kupima kwanza anaweza kuusogeza mahali pabaya zaidi.

Pima kwenye beringi, kisha kwenye mguu wa mashine, kwenye kitako na kwenye zege, kwa mpangilio huo. Mahali ambapo kipimo kinashuka ghafla kati ya vitu viwili vilivyofungwa pamoja ndipo penye ulegevu. Mashine ikiwa imezimwa na umeme umefungiwa, legeza bolti moja moja ukiwa na geji ya kupima mwinuko juu ya mguu. Mguu ukiinuka zaidi ya milimita 0.05, haujakaa sawasawa na unaipinda mashine kila unapokazwa.

Kwa msingi mpya, desturi ni zege lenye uzito usiopungua mara 3 ya mashine inayozunguka, na mara 5 kwa yenye pistoni. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, chimbeni mpaka mfikie tabaka gumu. Zege la kawaida hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na najua meneja atawahimiza muwashe mapema. Mwelezeni kwa heshima, mkiwa na tarehe ya kumwaga zege imeandikwa kwenye daftari la mashine, na bolti za msingi msizikaze kikamilifu kabla saruji ya kujazia haijakomaa.