Odundo hakuanza na udongo

Ndugu uliyeuliza kama ni kweli kwamba Magdalene Odundo alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mfinyanzi: ni kweli kwa kiasi kikubwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akajifunza usanifu wa michoro ya matangazo, na ni kazi hiyo aliyokwenda kuiendeleza Cambridge, Uingereza, mwaka 1971. Udongo ulimvuta akiwa huko. Miaka ya 1974 na 1975 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja (Abuja ya zamani, ambayo leo ni Suleja), akajifunza kwa Ladi Kwali, mfinyanzi mashuhuri wa Nigeria, na wanawake wenzake kufinyanga bila gurudumu, kisha akarudi Uingereza kusoma Farnham na hatimaye chuo cha sanaa cha Royal College of Art, London.

Sisi wa Kisumu kazi yake isitushangaze sana. Mama mmoja anayeuza vyungu katika soko la Kibuye alinionyesha kokoto yake, laini kama yai, anayosugulia chungu kabla hakijakauka. Odundo naye hujenga kwa mikono, husugua mpaka udongo ung'ae wenyewe, wala hapaki glezi, yaani ule utando unaong'aa kama kioo. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na wekundu unaoelekea rangi ya machungwa, na kikichomwa tena katika moshi uliokosa hewa hugeuka cheusi. Kwa maoni yangu, jicho la mchoraji limebaki katika ule mstari wa shingo na tumbo la chombo, ambao hauna mapambo ya kuuficha.